Mlima haujui ratiba ya safari

Kila ifikapo miezi ya Machi na Aprili, wakati wakulima wetu wanapoyatazama mawingu wakingojea masika, huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini watu ndio kwanza wanaanza kuagana na baridi. Siku hurefuka, anga hutakata, na theluji iliyorundikana milimani tangu Novemba humeremeta kiasi cha kumtia mtu hamu ya kuikanyaga. Shule hufungwa kwa ajili ya Pasaka. Vijana kwa maelfu, pamoja na walimu na wazazi wao, hushika njia za mlimani wakiwa na skii mabegani. Na kila mwaka miongoni mwao hupatikana wasiorudi.

Kinachowaua aghalabu ni poromoko la theluji. Safu ya milima ya Alps peke yake hupoteza takriban watu 100 kwa mwaka kutokana na janga hilo, na wengi wao si wakazi wa vijijini waliovamiwa usingizini. Ni watu waliojiendea wenyewe katika miteremko iliyo mbali na viwanja vya skii, mahali pasipokuwa na walinzi wala bendera ya kuwaambia wapi pa kukanyaga na wapi pa kuogopa.

Msomaji ana haki ya kuuliza gazeti la Kenya lina haja gani na theluji ya watu wengine. Mlima wetu umesaliwa na vipande vichache tu vya barafu, na mwanafunzi wa Kitui au Busia aweza kumaliza masomo yake yote bila kuigusa. Lakini vijana wetu wamo vyuoni Canada, Marekani, Ujerumani na Uswisi, na urafiki wa chuoni huwafikisha kwingi. Aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi nchini mwetu, James Kagambi, alisimama juu ya kilele cha Everest mwezi Mei 2022, Mkenya wa kwanza kufika huko. Na ni mlima huo huo ambao Aprili 18, 2014, uliwaua wafanyakazi 16 Wanepali kwa poromoko la barafu. Hata hivyo, hiyo siyo sababu yetu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba ukizichunguza ajali hizi kwa makini, utakuta kwamba jambo lililowaponza watu ni namna kundi lilivyofikia uamuzi wa kuendelea mbele. Katika hilo, mwalimu wa Kenya na mwalimu wa Canada wamo katika darasa moja.

Tuanze na theluji yenyewe, kwa kuwa vitabu vyetu vya Jiografia huipitia mbio mbio. Theluji ya mlimani haikai kama unga ndani ya gunia. Huanguka kwa vipindi, na kila kipindi huacha tabaka lake. Tabaka moja huwa gumu, jingine laini, na jingine huwa la chembe kubwa zisizoshikamana, zinazomiminika mfano wa sukari. Tabaka gumu likilalia chembe za namna hiyo juu ya mteremko, huwa ni sawa na ubao uliowekwa juu ya gololi. Laweza kutulia wiki nyingi. Kisha hutokea uzito mdogo wa ziada, pengine wa mtu mmoja tu, chembe za chini zikavunjika, ufa ukakimbia kuuzunguka mteremko kwa muda wa kupepesa jicho, na bamba zima likateleza pamoja na aliyekuwa juu yake. Takwimu za nchi nyingi zaonyesha kuwa katika ajali 9 kati ya 10 zilizoleta vifo, aliyelianzisha poromoko alikuwa marehemu mwenyewe au mmoja wa wenzake.

Miteremko ya kuogopwa zaidi ni ile yenye mwinamo wa kati ya digrii 30 na 45. Iliyo mikali kupita hapo hupukutisha theluji yake kidogo kidogo kabla haijarundikana. Iliyo tambarare haina nguvu ya kuisukuma. Mwanafunzi mwenye kipimapembe na auchore mteremko wa digrii 38 daftarini mwake, autazame. Ndio hasa wanaoufurahia wachezaji wa skii, na ndio hasa unaoporomoka.

Majira ya kuchipua huja na hatari ya pili juu ya hiyo ya kwanza. Mchana jua huyeyusha theluji ya juu, maji yakapenya chini na kulegeza kile kinachozishikanisha chembe. Usiku, anga likiwa wazi, baridi hurejea, maji yakaganda, na alfajiri uso wa mlima huwa mgumu kama sakafu ya saruji. Basi mteremko ule ule huweza kuwa salama saa kumi na mbili asubuhi na kuwa mtego saa saba mchana. Wazoefu huondoka saa tisa au saa kumi za usiku, taa vichwani, ili wawe wamekwisha kuteremka kabla ya adhuhuri. Wanajua kwamba kuta zinazotazama mashariki hulegea kwanza, kisha za kusini, na za magharibi huwa za mwisho. Wanajua pia kwamba usiku ukiwa na mawingu, theluji haigandi vyema, na hapo hesabu yote ya saa huvurugika hata kabla jua halijatoka. Mguu ukianza kuzama hadi juu ya kifundo, na vidonge vya theluji vikaanza kujiviringisha vyenyewe mteremkoni, mwenye akili huwa ameshageuka.

Na mvua ikiinyeshea theluji, mambo huharibika zaidi. Huko Wellington, katika jimbo la Washington nchini Marekani, treni mbili zilikuwa zimekwama kwa siku kadhaa kwa sababu ya theluji nyingi. Usiku wa kuamkia Machi 1, 1910, mvua ilikuja na radi zake, na ubavu wa mlima ukashuka ukazisukumia treni bondeni. Watu 96 walikufa.

Poromoko la theluji iliyolowa huenda polepole kuliko lile la theluji kavu, ambalo laweza kupita kilomita 200 kwa saa. Lakini ni zito mno, na likisimama hukaza papo hapo. Aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono. Akifukuliwa katika dakika 10 za mwanzo, hupona karibu watu 9 kati ya 10. Nusu saa ikipita, hupona kama 3 tu kati ya 10, kwa maana wengi hufa kwa kukosa hewa muda mrefu kabla ya baridi kuwafikia. Kwa hivyo helikopta haiwezi kuhesabiwa kuwa tegemeo. Wa kumwokoa ni wenzake waliosimama pale pale, wakiwa na kifaa cha redio cha kumtafutia, ufito mrefu wa kuchomea theluji na beleshi la kumfukulia. Na kama wenzake nao wamefukiwa pamoja naye, basi.

Haya yote si siri. Uswisi ilianza utafiti wa theluji katika milima ya Davos tangu miaka ya 1930, na taarifa za hatari zimekuwa zikitolewa huko tangu mwaka 1945. Leo kila mwenda milimani katika nchi hizo aweza kusoma, kabla ya kufunga kamba za viatu, ni miteremko ipi iliyo mibaya na kwa nini. Mafunzo yapo, vifaa vipo, ilani zipo. Kwa nini basi watu wanaendelea kufa, tena wale waliosoma?

Tutazame kisa cha Loveland Pass, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Aprili 20, 2013, watu 6 wazoefu wa milima walitoka pamoja. Walikuwa wamekuja kwa mkusanyiko wa wapenda theluji ambao mojawapo ya madhumuni yake lilikuwa kuhimiza usalama milimani. Kila mmoja alikuwa na vifaa. Walikuwa wameisoma ilani ya siku hiyo, wakajua kwamba mteremko uliokuwa mbele yao ulikuwa wa hatari, wakazungumza juu yake. Wakakubaliana waachane nafasi na wapite upesi chini yake hadi kwenye miti waliyoiona kuwa kimbilio. Walipokuwa wakipita, uzito wao ulilivunja tabaka dhaifu lililokuwa limezikwa tangu mwanzo wa majira ya baridi, ufa ukapanda juu, na mlima ukawashukia kutoka mahali ambapo hawakuwa wamekanyaga. Wote 6 walikumbwa. Watano walifariki. Wa sita alikaa amenaswa kwa saa kadhaa, uso wake ukiwa umesalia penye hewa, hadi waokoaji walipomfikia. Colorado haikuwa imeona poromoko lililoua watu wengi kiasi hicho kwa mara moja tangu mwaka 1962.

Hatukitaji kisa hiki ili kuwalaumu marehemu. Tunakitaja kwa sababu hakuna hata mmoja awezaye kusema kwamba walikosa elimu. Walikuwa na ilani mfukoni, na bado walipita chini ya mteremko ambao ilani ilikuwa imeusema.

Sehemu ya tatizo imo katika ilani zenyewe. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993 juu ya kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi 5, na Marekani na Canada hutumia kinachofanana nacho. Siku ya ngazi ya tano barabara hufungwa na watu hukaa majumbani. Nchini Uswisi, siku zinazoua watu wengi kuliko nyingine zote ni za ngazi ya tatu. Kwa wataalamu, ngazi ya tatu yamaanisha kwamba mtu mmoja peke yake aweza kuangusha bamba la theluji katika miteremko mingi iliyotajwa. Kwa mtu wa kawaida, tatu ni katikati. Mwanafunzi aliyezoea karatasi za mtihani akiona 3 juu ya 5 hujiambia kwamba amepita!

Sehemu iliyobaki, nayo ndiyo kubwa, imo ndani ya kundi. Mtafiti Mmarekani Ian McCammon alizipekua ajali 715 za maporomoko nchini mwake, na katika matokeo aliyoyatoa mwaka 2004 alieleza mitego ya akili inayowanasa watu walio pamoja: kupazoea mahali, kutaka kukubalika na wenzao, kuwaona wengine wamepita, pupa ya kuwa wa kwanza. Jambo lililotushtua zaidi katika kazi yake ni kwamba mahali walipopazoea, waliopata mafunzo walijitia hatarini sawasawa na wale ambao hawakufunzwa kitu.

Mitego miwili kati ya aliyoitaja inamhusu mwalimu moja kwa moja. Wa kwanza ni kushikilia mpango. Mtu akishasema ataenda, akishalipa na kuwatangazia watu, kila dalili mbaya huanza kuonekana ndogo machoni pake. Wa pili ni kumwachia kiongozi mmoja kufikiri kwa niaba ya wote. Kundi huwa na yule anayedhaniwa kujua, pengine kwa sababu ni mkubwa kwa umri au ndiye aliyewaleta, na wengine humfuata kimya hata pale mioyo yao inapodunda. Baada ya ajali, manusura wengi husimulia kwamba waliona jambo lakini hawakulisema. Kila mmoja alidhani wenzake wana hakika.

Ajali iliyozigusa shule kwa ukali ilitokea Canada, wala haikungoja majira ya kuchipua. Februari 1, 2003, wanafunzi 14 wa shule moja ya jimbo la Alberta walikuwa katika safari ya masomo ya nje, wakiongozwa na watu wazima 3, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier katika jimbo la British Columbia. Walikuwa wamefunzwa na kuvalishwa vifaa, na walitembea kwa kuachana nafasi kama inavyotakiwa. Ilani ya siku hiyo iliitaja hatari kuwa ya kadiri huku chini bondeni na kubwa zaidi huko juu, nao walikuwa chini bondeni. Poromoko lilitoka huko juu. Liliwakumba wote 17. Waelekezi wawili wa milima waliokuwa karibu walipiga ukelele walipoliona likishuka, kisha wakakimbilia kufukua. Wanafunzi 7 walifariki, wote wakiwa wa darasa la kumi.

Canada ilifanya jambo ambalo twalisifu. Iliacha kuuliza tu ni theluji gani iliyoanguka siku ile, ikauliza ni mahali gani pa kupeleka watoto wa watu. Mwaka uliofuata hifadhi za taifa zilianza kuyapanga mabonde na miteremko katika madaraja matatu kwa kadiri ya mwanya wake wa kukumbwa na maporomoko, bila kujali hali ya hewa ya siku. Makundi ya shule na mengineyo ya vijana walio chini ya uangalizi yakapigwa marufuku kabisa katika daraja la juu. Katika daraja la kati huruhusiwa tu yakiwa na mwelekezi mwenye cheti. Angalia busara ya utaratibu huo: uamuzi mgumu umeondolewa mikononi mwa mwalimu aliyesimama baridini mbele ya vijana wenye hamu, ukawekwa juu ya ramani, mwezi mzima kabla ya safari, wakati hakuna aliyelipa nauli.

Nasi huku tunayo ya kujifunza, maana maji nayo huporomoka. Aprili 22, 2012, kundi la vijana wa kanisa moja la Nairobi lilikuwa limetembelea korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mafuriko ya ghafla yaliwakuta ndani ya kuta zile nyembamba, na vijana 7 wakafa. Mwaka 2019 korongo hilo hilo liliua tena. Aliye ndani ya korongo haoni mvua inayonyesha mbali juu, kama vile wale wa Canada walivyokuwa bondeni na theluji ikawatoka vileleni.

Twawajua walimu wetu na twajua safari za shule zinavyopangwa. Tarehe hutolewa na ofisi ya mwalimu mkuu kwa kufuata kalenda ya muhula. Basi hukodiwa, wazazi huchanga kwa taabu, chakula hupikwa usiku kucha. Asubuhi, mwalimu wa zamu akiona wingu jeusi, huwa na watoto 60 walioimba njia nzima na risiti asiyoweza kurudishiwa fedha zake. Ni nani katika hali hiyo atakayesema turudi? Na mwanafunzi wetu, aliyelelewa kutompinga mkubwa, atawezaje kusema kwamba anaogopa? Adabu hiyo ni njema, wala hatutaki iondoke madarasani. Lakini katika mlima wenye theluji au korongo lenye maji, mtoto aliyenyamaza kwa heshima anaweza kuwa ndiye pekee aliyeiona dalili.

Kwa hivyo twapendekeza kwa walimu wakuu na maafisa wa elimu mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Tarehe ya safari iwe na tarehe ya pili ya akiba, nayo iandikwe kwenye mkataba wa basi. Saa ya kugeuka ipangwe shuleni na isijadiliwe tena njiani, kama wenzetu wa milimani wanavyopanga saa ya kuteremka kabla theluji haijalegea. Kabla ya kuondoka, kiongozi awatangazie wote kwamba mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema hapana, kundi litarudi, na hataulizwa sababu mbele ya wenzake. Walinzi wa mahali wakisema pamefungwa, asitafutwe mkubwa wa kupigiwa simu.

Somo la Jiografia nalo laweza kubeba mzigo wake. Mwalimu anayefundisha maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019 akiweka kando yake kisa cha Loveland Pass, wanafunzi watajua kwa nini udongo ulioshiba maji na theluji iliyoshiba maji hufuata kanuni moja. Kisha awaulize watu 6 wale walipaswa kusema nini walipofika chini ya mteremko, na nani alipaswa kulisema. Dakika 40 zinatosha, na twadhani mjadala huo utawafaa kuliko kukariri urefu wa vilele.

Tena kuna fomu ya idhini ambayo mzazi hutia sahihi. Nyingi tulizoziona hutaja nauli, sare na saa ya kurudi, basi. Iongezwe mistari mitatu: mahali penyewe pana hatari gani, ni dalili zipi zitakazolirudisha kundi, na ni nani mwenye mamlaka ya kulirudisha. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, na mashine za kunakilia zimo ofisini.